Njooni na Kamba

Hotuba hii ilitolewa Dar es Salaam mbele ya walimu wa kujitolea watakaoendesha mihadhara ya bure ya historia ya sanaa kwa wanaoanza. Tunaiweka nzima kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizokuwa ukutani tumeziacha.

Wazee wetu mliokaa mbele, walimu, waongoza wageni, mafundi wa nakshi, nanyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Nianze kwa hesabu. Mhadhara ni wa saa moja, mwalimu kaandaa picha 60. Kila picha inapata muda gani? Dakika moja. Toa muda wa kutaja msanii, mwaka na mji. Toa muda wa mtu wa nyuma kuuliza "umesema nani?" Toa na kikohozi. Za kutazama zimebaki sekunde ngapi? Na huyu anayeanza, aliyefunga duka mapema ili awahi, anarudi nyumbani na nini? Anarudi na kizunguzungu. Wiki ya pili haonekani, na mwalimu anasema watu wetu hawana habari na sanaa.

Wanayo. Wamechoka kukimbizwa tu.

Ombi langu kwenu jioni hii ni dogo na litawasumbua: picha tano kwa saa moja. Tano! Na moja kati ya hizo tano ipewe robo saa peke yake.

Kuna profesa wa Harvard, Jennifer Roberts, anayewaagiza wanafunzi wake wakakae mbele ya kazi moja ya sanaa kwa saa tatu kabla ya kuiandikia chochote. Mfano anaoutoa ni picha ya John Singleton Copley, iliyochorwa Boston mwaka 1765. Kijana kakaa mezani, mkononi kashika mkufu wa dhahabu, na mwisho wa mkufu kafungwa kindi mdogo. Roberts anasema ilimchukua dakika tisa kuona kwamba umbo la sikio la kijana linafanana kabisa na ukingo wa manyoya ya tumbo la yule kindi. Dakika tisa, na kutazama ndiyo kazi yake. Sasa wewe unampa mgeni dakika moja, halafu unamwuliza ameona nini?

Basi fanyeni hivi. Picha ya kwanza iwe ukutani kabla watu hawajaingia. Msitaje jina la msanii. Msitaje mwaka. Dakika tatu kimya, saa mkononi. Saa mkononi nimesema, kwa sababu ukimya humtisha mwalimu kuliko darasa. Nusu dakika tu ulimi unaanza kuwasha na maelezo yanamtoka. Zikiisha dakika tatu, ulizeni maswali matatu ambayo Abigail Housen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotazama sanaa, na Philip Yenawine, mwalimu wa makumbusho, waliyapanga kwa ajili ya wanaoanza. Kuna nini kinaendelea hapa? Umeona nini kilichokufanya useme hivyo? Kipi kingine tunakiona? Kila jibu lirudieni kwa sauti ya kusikika nyuma, huku mkionyesha kwa fimbo mahali hasa panaposemwa. Swali la pili ndilo roho ya kazi. Mtu akisema "huyu mama ana huzuni," usimwambie kapatia wala kakosea. Mwulize kaiona wapi hiyo huzuni: machoni, begani, au kwenye rangi ya ukuta nyuma yake?

Jina na mwaka vije baadaye. Kwa nini? Kwa sababu jina kubwa likishatajwa watu huacha kutazama, huanza kukubali.

Sasa nije kwenye projekta, kifaa kinachosaidia na kudanganya kwa wakati mmoja.

Heinrich Wölfflin, Mswisi aliyefundisha historia ya sanaa Berlin na Munich, alikuwa na mazoea ya kuweka picha mbili ukutani kwa pamoja. Mbili, bega kwa bega. Huna haja ya kumfundisha mtu istilahi yoyote ili aone kwamba hii imefungwa na ile imeachiwa wazi. Tumieni mbinu hiyo kwa vinyago vya Kimakonde. Upande mmoja wekeni ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Upande wa pili wekeni shetani, mtindo unaohusishwa na Samaki Likankoa. Kisha ulizeni swali moja tu: kipi bado kinalikumbuka gogo kilikotoka? Mtaona mikono inavyonyooka. Ujamaa umebaki duara kama gogo, miili imejazana, nafasi ni chache. Shetani ana matundu, viungo vyembamba, jicho moja huku na sikio kule, na hewa inapita katikati. Hapo darasa limeshajua mitindo miwili bila kukariri neno.

Hilo ndilo jema la projekta. Uongo wake ni huu: kila kitu inakifanya kiwe kikubwa sawa. Picha ya Mona Lisa, ile ya Leonardo, ina urefu wa sentimita 77 na upana wa sentimita 53. Guernica ya Picasso ina urefu wa mita 3.49 na upana wa mita 7.76. Ukutani kwako zote mbili zinalingana na shuka la kitanda! Sanamu ya Daudi ya Michelangelo ina mita 5.17. Mwanafunzi aliyeiona ukutani tu atakwambia ni kimo cha mtu mrefu. Nani wa kumlaumu?

Dawa yake ni kamba. Nunueni kamba ya katani ya mita 8. Pimeni kutoka ncha moja na kufunga uzi wa rangi kila mahali mtakapohitaji: sentimita 53, 60 (hii ni ya Tingatinga, nitamfikia), 77, kisha mita 3.49, 5.17 na 7.76. Kabla ya kuondoa picha ukutani, waiteni watu wawili wanyooshe kamba. Kwa Mona Lisa watasogeleana mpaka waanze kucheka. Kwa Guernica mmoja atajikuta kafika mlangoni. Kwa Daudi mtalazimika kutoka nje na kuining'iniza kamba kutoka ghorofani. Ni dakika mbili za kazi, na hakuna maelezo yatakayomwingia mtu kama hizo.

Mambo mengine ya projekta nitayapitia haraka. Saa 10 alasiri jua linaingia kwa madirisha ya magharibi. Khanga haizuii mwanga huo hata ukiikunja mara mbili, tumieni blanketi. Jaribio ni rahisi: tazameni sehemu nyeusi ya picha, na kama inaonekana kijivu kama vumbi, chumba bado kina mwanga. Umeme nao mnaujua. Chapeni nakala za ukubwa wa A3, moja kwa watu wanne. Darasa la watu 40 na picha tano ni nakala 50. Zikusanyeni kila mwisho wa kipindi, la sivyo kufikia wiki ya tatu zimebaki 20, nyingine ziko sebuleni kwa watu. (Si wizi. Ni sifa kwenu. Ila zikusanyeni.)

Ndugu zangu, tufike mlangoni.

Wengi wanadhani historia ya sanaa inaanzia Ugiriki, inapita Roma, inafika Florence, na sisi tunaingia mwishoni kama wageni waliochelewa harusini. Kwa mtu anayeanza hapa pwani, hiyo ni njia ndefu bila sababu. Mwanzishieni pale anapopita. Mwanzishieni kwenye mlango wa nakshi wa Zanzibar au Lamu. Majina ya viungo vyake yamo kwenye lugha yetu. Ile miti miwili ya wima ni miimo. Chini na juu ni vizingiti. Ubao wa katikati unaofunika pengo la mabawa mawili ni mfaa. Fundi nakshi yeyote hapa ndani anayajua. Basi ni yeye wa kufundisha kipindi hicho, si mwenye shahada.

Mlango usomwe kuanzia chini. Mara nyingi mguuni pa mwimo utakuta samaki, au mistari ya mawimbi. Humo hupanda shina, linajisokota, linatoa majani na maua, linafika kizingiti cha juu. Katikati ya kizingiti hicho pengine kuna maandishi ya Kiarabu, na pengine mwaka. Simameni hapo. Simameni kabisa, kwa sababu hapo ndipo wanaoanza wanapojikwaa. Tarakimu hizo si zile zetu. Tano yake ni duara dogo, na asiyejua huisoma sifuri. Sifuri yake ni nukta, na asiyejua huiruka. Sita yake inafanana na saba yetu. Mwaka mmoja ukisomwa hivyo, mlango unazeeka au unarudi ujanani kwa miaka mingi.

Mkishausoma sawasawa, huo ni mwaka wa Hijria. Kuugeuza, zidisheni kwa 0.97, kisha jumlisheni 622. Tuseme imeandikwa 1300. Mara 0.97 ni 1261. Ongezeni 622, mnapata 1883. Mwaka wa Hijria ni mfupi na hauanzi Januari, kwa hiyo semeni 1882 au 1883, msijifanye kujua zaidi ya hapo. Na kwa bahati, 1883 ndio mwaka wa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Sultani Barghash kule Zanzibar, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Hapo mna mahali pa kuulinganishia mlango wenu.

Lakini mwaka wa mlango ndio mwaka wa nyumba? Hapana. Milango imeuzwa, imehamishwa, imepachikwa kwenye kuta changa kuliko yenyewe. Tazameni mwimo unapokutana na ukuta. Kama plasta ni mpya na mbao ni kongwe, andikeni hivyo, na msiongeze neno.

Halafu kuna hadithi. Ile misumari mikubwa ya shaba, mgeni huambiwa ni ya kuzuia tembo. Sawa, Bara Hindi tembo wa vita walitumika kuvunja malango, na mtindo huo wa misumari unahusishwa na huko. Lakini tembo gani aliyeuzingira Mji Mkongwe? Ilipofika Unguja misumari ilikuwa pambo na heshima ya mwenye nyumba. Na ule mnyororo uliochongwa pembeni, mgeni huambiwa mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Waongoza wageni mliomo humu, najua hadithi hiyo inauza. Swali ni lile lile la pili: umeona nini kilichokufanya useme hivyo? Kuna maandishi? Kuna hati ya nyumba? Mnyororo uko kwenye milango mingi mno, na ukingo wa mnyororo ni pambo ambalo mchongaji yeyote angeweza kulipenda kwa uzuri wake. Biashara ya watumwa Zanzibar ilikuwepo, ilikuwa kubwa, na ina ushahidi wake mzito. Haihitaji kubebeshwa ushahidi hafifu.

Ndiyo maana kila mwanafunzi awe na daftari lenye safu tatu. Nimeona. Nimeambiwa. Nakisia. "Samaki mguuni pa mwimo" inaingia ya kwanza. "Samaki ni alama ya uzazi" inaingia ya pili. "Labda fundi yule yule ndiye aliyechonga mlango wa jirani" inaingia ya tatu. Mwisho wa kipindi hesabuni mistari. Wiki ya kwanza safu ya pili huwa imefurika. Hiyo ni kawaida, msimkaripie mtu.

Kwa wa Dar es Salaam, zoezi zuri la safu hizo liko Kunduchi, kwenye makaburi ya kale yenye nguzo. Kuna vyombo vya Kichina vilivyopachikwa kwenye chokaa, na kuna ambavyo vimeondoka. Pale kilipoondoka chombo limebaki shimo la duara. Mpeni mwanafunzi alipime lile shimo, achore ukingo wake, aone chokaa ilivyoushika mzunguko wa bakuli. Anajifunza kusoma kitu ambacho hakipo. Na mkiwapeleka Kondoa kwenye michoro ya miambani, onyo moja: asimwagie mtu maji mwambani ili rangi zing'ae kwenye simu. Maji huharibu.

Nije kwenye vitu vyenyewe, maana sanaa hutengenezwa kwa vitu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932, mtu wa Tunduru. Alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, na mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Hesabuni: miaka minne hivi. Miaka minne, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima! Basi picha yenye sahihi yake na mwaka 1975 inatuambia nini? Hapo mwanafunzi anaelewa mwenyewe kwa nini tunahangaika na miaka.

Alichorea nini? Hadibodi, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka baiskeli. Kazi zake nyingi ni mraba wa sentimita 60 hivi, yaani futi 2. Bodi nzima ya dukani ni futi 4 kwa 8. Ikate futi 2 kwa 2, unapata vipande vinane, hakibaki hata kipande cha kutupa. Na ile rangi hufanya nini? Haikubali kuchanganywa taratibu juu ya bodi kama rangi ya wachoraji wa Florence. Inataka ikae bapa, ikauke, ndipo ije nyingine juu yake. Kwa hiyo mandharinyuma ya rangi moja. Kisha mnyama mkubwa anayejaza bodi. Kisha madoa na mistari. Kilicholazimishwa na rangi, macho hukiita mtindo.

Wapeni watu wajaribu. Kipande cha sentimita 20 kinatosha, na rangi tatu. Kosa litakalotokea nalijua sasa hivi: watapaka nene. Rangi ikipakwa nene, juu hufanya utando na chini inabaki mbichi. Kesho yake imejikunja kama maziwa yaliyochemka. Wapake nyembamba, na madoa yasubiri kesho. Wala msifanyie chumbani. Harufu yake huumiza kichwa.

Kwa mpingo, waombeni wachongaji wa Mwenge kipande cha mabaki chenye pande zote mbili, moyo mweusi na ganda la njano la nje. Na ndoo ya maji. Kitupeni ndani. Mpingo unazama. Kitupeni na kipande cha mti laini uliopakwa dawa ya viatu, kinaelea. Sasa kuna mjanja atasema afadhali kusugua kinyago kwa kitambaa cheupe, kikichafuka ni bandia. Si kweli. Hata mpingo halisi hung'arishwa kwa dawa ya viatu, kwa hiyo kitambaa peke yake ni shahidi dhaifu. Geuzeni kinyago, tazameni kitako, pimeni uzito mkononi. Wala msikitumbukize kinyago kilichokamilika majini, kitapasuka. Ndoo ni ya mabaki.

La mwisho, neno hili "bure."

Thomas Gresham, tajiri wa London, aliacha wasia kwamba kodi za maduka ya soko lake zilipie mihadhara ya wazi kwa umma. Ilianza mwaka 1597, walimu saba, kila mmoja na siku yake ya wiki, na masomo yalisemwa kwa Kilatini na tena kwa Kiingereza. Tena kwa Kiingereza, yaani lugha ya mtu wa sokoni! Felix Slade alipofariki mwaka 1868 aliacha pauni 35,000 za kuanzisha nafasi za maprofesa wa sanaa Oxford, Cambridge na London. Oxford nafasi hiyo akapewa John Ruskin, mhakiki wa sanaa, na mhadhara wake wa kwanza, Februari 1870, ulijaza ukumbi mpaka watu wote wakahamishiwa ukumbi mkubwa wa Sheldonian. Mnaona? Bure haijawahi kuwa bure. Kuna aliyelipa kabla.

Kwetu sisi nani amelipa? Ukumbi tumepewa. Projekta ya kuazima. Lakini mwanafunzi wa Mbagala analipa nauli ya kwenda na kurudi mara sita, na hiyo ndiyo ada yake. Kwa hiyo vipindi viwe sita, visiwe kumi na mbili. Vianze saa 10 kamili na viishe saa 11 na nusu, awahi magharibi na awahi daladala. Anayekosa kipindi cha tatu mara nyingi haogopi somo. Anaona haya kwamba kaachwa nyuma. Basi kila kipindi kisimame chenyewe, na mlango ubaki wazi kwa aliyechelewa, bila kumwuliza alikuwa wapi. Fundi mtakayemwalika alipwe. Msimwambie na yeye ajitolee, siku yake ya kazi imekatika.

Na kwenye maswali yupo yule bwana mmoja, kila mahali yupo, anayesimama kuuliza na kuketi baada ya dakika kumi. Mpeni kushika kamba.

Jumamosi ni kipindi cha kwanza. Picha itakuwa ukutani saa 10 kasorobo. Mwenye ndoo aje nayo, mwenye blanketi mawili aje na yote mawili, na daftari chorewa safu tatu kuanzia nyumbani. Kamba tutaifunga nyuzi pamoja kabla ya watu kuingia. Nahitaji wawili wenye futi kamba ya fundi. Nani na nani?